"Mama Mkubwa, Tuendelee Pale Tulipoishia"

Mama mwenzangu, naomba nianze na swali. Ni lini mara ya mwisho ulipoketi chini na watoto wako, si kwa kuwatuma, si kwa kuwakemea, wala si kwa kuwakagua madaftari, bali kwa kucheza nao tu?

Mimi nilipoulizwa swali hili miaka kadhaa iliyopita sikuwa na jibu. Ni muuguzi. Kutwa nzima nashika watoto wa wenzangu: nawapima uzito, nawachoma sindano, nawabembeleza wanywe dawa. Jioni nikirudi nyumbani nakuta kuni, maji, sufuria, na mara nyingi mkutano wa kanisani unanisubiri. Watoto wangu walinijua kwa sauti ya amri: leta, toa, nyamaza, kalale. Nilikuwa mama wa kutosha kwa kula na kuvaa. Kwa kucheza, nilidhani hiyo ni kazi ya watoto wenyewe.

Leo nataka kuwaeleza habari ya mchezo mmoja unaochezwa nyumbani kwetu hapa Mbuji, jioni mbili kwa juma, juu ya mkeka, karibu na moto. Umetufundisha mengi. Umenionyesha pia makosa yangu, na nitayaeleza bila kuyaficha.

Jinsi nilivyoufahamu

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uuguzi, alikuja hospitalini kwa mafunzo kijana mmoja kutoka Ujerumani aliyekuwa akisomea udaktari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea. Lakini kila jioni aliingia wodi ya watoto akiwa na dadu moja mfukoni, akakaa kitandani kwa mtoto mmojawapo, na wengine wenye uwezo wa kutembea wakamzunguka. Aliwaambia: "Ninyi ni wasafiri. Mko porini, usiku unaingia, na mbele yenu kuna mto. Mtafanya nini?" Mmoja akasema ataogelea. Mwingine akasema atatafuta mtumbwi. Yule mwenye mguu uliofungwa plasta akasema yeye ataruka! Basi akarusha dadu kuona kama ameweza kuruka.

Niliona watoto waliokataa chakula wakila upesi ili wasikose safari ya jioni. Nikajiambia, nikipata watoto wangu nami nitafanya hivi. Nikawapata, nikasahau, mpaka mmoja wao alipofikisha miaka kumi na moja.

Kumbe mchezo huo una historia yake. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu hukaa mezani, mmoja husimulia, na kila mwingine hujifanya mtu fulani ndani ya hadithi: askari, mganga, mwizi aliyetubu. Mambo yakiwa magumu, dadu huamua. Ujerumani nao walitoa wa kwao mwaka 1984, Das Schwarze Auge, uliotungwa na Ulrich Kiesow. Watu wazima huucheza miaka mingi, hadithi ikiendelea kama mto.

Wazee wetu waliujua

Usiseme haya ni mambo ya Wazungu. Mtoto wa Mbinga hahitaji kufundishwa kujifanya mtu mwingine. Angalia binti zako wanapocheza mchezo wa baba na mama. Kopo ni sufuria, udongo ni ugali, gunzi la mahindi ni mtoto mchanga anayelia. Ukisimama kando ukasikiliza, utasikia sauti yako mwenyewe. Mimi niliisikia yangu siku moja, na haikunifurahisha: binti yangu alikuwa akiligombeza gunzi!

Tena si watoto peke yao. Nani wa pande hizi asiyejua mganda, ngoma ya wanaume waliojipanga mistari kama askari? Ni jamaa ya beni, ngoma iliyoanzia pwani na kuenea bara na askari na vibarua, hasa baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya habari hizo mwaka 1975. Katika beni watu walijipa vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Mkulima aliyetwishwa mizigo mchana, jioni alikuwa jenerali.

Mimi kama muuguzi nilifurahi zaidi niliposoma habari za kalela, ngoma nyingine ya ukoo huo huo. Mtaalamu J. Clyde Mitchell aliitazama mwaka 1951 huko Luanshya, penye machimbo ya shaba ya Zambia ya leo. Katika kundi lile la vijana mlikuwa na mwanamke mmoja tu, aliyevaa meupe, akiitwa sista. Kazi yake ilikuwa kupita na kioo na leso kati ya wachezaji, wajitazame wawe nadhifu. Basi kujifanya mtu mwingine ni jambo la kale kwetu, na nafasi ya muuguzi ilikuwamo tangu zamani.

Tunavyocheza

Nyumbani kwetu hatuna kitabu cha mchezo. Tuna dadu moja iliyotoka katika ludo iliyochakaa, karatasi za daftari, na bakuli la maharage. Kila mtoto huchagua atakuwa nani. Huandika jina la mtu huyo, kazi yake, jambo moja analoliweza sana, na jambo moja analoliogopa. Hilo la mwisho nimeligundua kuwa muhimu kuliko yote. Kisha kila mmoja hupewa maharage matano, ndiyo nguvu yake ya safari.

Mimi husimulia. Safari yetu kubwa ni kutoka milimani kwetu kushuka hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, kwa miguu, kama walivyosafiri babu zetu. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa zipatazo 66, sasa ina lami, lakini katika mchezo hakuna lami! Kuna matope, vijito, na usiku. Kuna mama anayelima ngoro anayeomba msaada: nyasi zimekatwa na kupangwa, mumewe mgonjwa, na maharage yanasubiri kupandwa. Je, mtasimama kumsaidia au mtaharakisha? Mkifika ziwani, upepo wa mwera unavuma na mvuvi wa usipa anakataa kuingiza mtumbwi majini. Mtamwambiaje?

Mtoto anaposema atakachofanya, kama ni jambo jepesi, linafanyika. Kama ni gumu, anarusha dadu. Akipata moja au mbili, ameshindwa na hutoa harage moja. Akipata tatu au nne, amefanikiwa lakini lazima apoteze kitu: mzigo, muda, au harage. Akipata tano au sita, amefanikiwa kabisa. Kwa njia hii hata yule wa darasa la tatu aligundua mwenyewe kuwa katika nyuso sita za dadu, mbili ni za kushindwa, kwa hiyo si vema kujaribu bahati pale ambapo maarifa yanatosha. Mwalimu wa hesabu angehitaji ubao mzima kueleza hayo.

Faida nyingine niliziona polepole. Mwanangu wa kiume, mwenye papara, alijifunza kungoja zamu. Mdogo wake, mwenye aibu, alijifunza kuzungumza mbele ya wengine kwa sababu si yeye aliyekuwa akizungumza, bali "mfanyabiashara wa kahawa". Nao wote walijifunza kushindwa bila kupindua mkeka. Hilo la mwisho lilichukua muda!

Ninayoyajua kama muuguzi

Huenda mwingine atasema: watoto wetu wanahitaji chakula, si michezo. Nakubali habari ya chakula. Mkoa wetu wa Ruvuma unalisha wengi, lakini uchunguzi wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watoto wapatao 41 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani humu walikuwa wamedumaa. Ni aibu inayotupasa kuifanyia kazi.

Hata hivyo sikilizeni habari ya Jamaika. Miaka ya 1980, mjini Kingston, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi tisa na miaka miwili. Baadhi ya mama zao walitembelewa nyumbani mara moja kwa juma, kwa miaka miwili, na wahudumu wa afya wa kawaida waliowafundisha kucheza na watoto wao na kuzungumza nao, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka ishirini baadaye watoto hao, wakiwa watu wazima, walikuwa wakipata kipato kikubwa kuliko wenzao ambao mama zao hawakutembelewa, kwa kiasi cha asilimia 25. Wale walikuwa watoto wachanga, na mchezo wao haukuwa huu wangu. Lakini somo ni lile lile: mama anayecheza na mtoto hapotezi muda.

Hata sheria ya nchi yetu imelitambua hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja wajibu wa mzazi wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na pamoja na hayo inataja haki yake ya kucheza na kupumzika. Kucheza kumewekwa mstari mmoja na chakula.

"Dadu ni kamari!"

Habari ilipoenea kuwa kwa muuguzi kunachezwa dadu, akina mama wa kanisani walinijia. Hawakuja kwa ugomvi, walikuja kwa upendo, lakini nyuso zilikuwa nzito. Mmoja, ambaye ni mkubwa kwangu na namheshimu sana, alisema: "Mwanangu, dadu ni kamari. Leo maharage, kesho fedha."

Sikumjibu haraka, maana hofu hiyo haikutoka hewani. Huku kwetu tumewaona vijana waliopoteza fedha za kahawa katika kubahatisha. Hata ng'ambo watu waliogopa. Mwaka 1983 huko Marekani mama mmoja, Patricia Pulling, ambaye mwanawe alijiua mwaka uliotangulia, alianzisha chama cha kuupinga ule mchezo wa Dungeons & Dragons, akiamini ndio uliomwua mtoto wake na kwamba umejaa ushetani. Uchunguzi uliofuata haukuonyesha kuwa mchezo ule huwafanya vijana wajiue. Lakini mimi simcheki mama yule. Mama aliyefiwa hutafuta sababu, na nitaeleza hapa chini kwa nini namwelewa.

Nilimwambia mama yetu kuwa kamari ni kuweka mali ili kuchukua mali ya mwenzako. Kwetu hakuna anayechukua cha mwingine, na maharage yote hurudi katika bakuli na kupikwa. Mitume walipiga kura kumpata Mathiya achukue nafasi ya Yuda, na askari walipiga kura kugawana nguo za Bwana wetu. Kura ni kura, tofauti imo katika mioyo ya wanaoipiga. Alifikiri, akasema, "Basi nitakuja nione." Alikuja. Jioni ile alikuwa bibi mwenye duka njiani, na aliwauzia watoto chumvi kwa bei ambayo hawajaisahau mpaka leo!

Kosa langu

Lakini kuna lawama moja niliyostahili. Mwanzoni, ili hadithi isisimue, niliweka adui: bibi kizee mchawi, mwenye macho mekundu, anayekaa peke yake ukingoni mwa kijiji. Watoto walifurahi mno, walimkimbia, walimtega, wakamshinda. Nami nilijiona hodari wa kusimulia.

Juma moja baadaye nilitoka kazini nikawakuta watoto, wangu wakiwamo, wakimkimbia jirani yetu, mjane mzee anayeishi peke yake. Macho yake ni mekundu. Mimi muuguzi najua kwa nini: ni moshi wa kuni wa miaka sitini. Mmoja alimrushia kijiwe, akapiga kelele lile lile tulilopiga mkekani.

Miguu iliniishia nguvu. Sote tunajua jinsi bibi vizee walivyouawa katika nchi hii kwa sababu ya macho mekundu na upweke. Nami, mtumishi wa kanisa, mwenye cheti cha uuguzi ukutani, ndiye niliyepanda mbegu ile katika vichwa vya watoto, nikicheka.

Niliwachukua wote tukaenda kwake. Nilipiga magoti, "Shikamoo bibi," nikamweleza yote, nami nikaomba radhi kwanza kabla ya watoto. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Nilidhani ni mimi niliyewakosea." Maneno hayo bado yananichoma. Tangu siku ile watoto humchotea maji kwa zamu, na mchezo wetu una sheria isiyovunjwa: adui hafanani na jirani. Adui wetu ni mafuriko, ni njaa, ni chui, ni usiku, ni uongo wa mfanyabiashara mlafi. Hafanani kamwe na kizee, mlemavu, wala mtu wa kabila lingine.

Mama mwenzangu, hadithi ina nguvu. Nathani alipotaka kumwonyesha mfalme Daudi dhambi yake, hakumshitaki. Alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, na Daudi akaingia ndani ya hadithi mpaka akajihukumu mwenyewe. Chenye nguvu ya kufungua moyo kina nguvu ya kuuharibu pia. Usikishike kwa mzaha.

Dereva

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mdogo wangu wa tumbo moja alifariki akiwa njiani kupelekwa hospitali. Alijifungulia nyumbani kabla ya siku zake kutimia, usiku wa mvua, akatokwa na damu nyingi. Mtoto mchanga alipona. Mama hakufika. Nilikuwa zamu, mbali, nikiwahudumia akina mama wengine.

Binti yake mkubwa, wa miaka minane, alikuja kuishi nasi. Mchanga alibaki kwa bibi yake, nyumba ya pili. Yule binti alikuwa mtiifu kupita kiasi. Hakulia. Hakucheza. Alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu akiwa na miaka mitatu. Nilimpima mkojo, nikampa dawa ya minyoo, nikamwongezea mayai. Kila kitu cha mwili nilikitazama. Kumgusa mdogo wake alikataa kabisa, na wengi walisema ana roho ngumu.

Alipoingia mkekani, alichagua kuwa dereva. Wenzake walimwambia safari yetu ni ya zamani, hakuna gari. Akasema, "Basi niwe anayeongoza njia, lakini mniite dereva." Katika sehemu ya jambo analoliogopa hakuandika kitu. Niliona tabia moja: hakutaka msafara usimame. Wenzake wakitaka kununua samaki, au kupumzika, au kumsaidia yule mama wa ngoro, yeye alikataa, hata machozi yakamlengalenga. Tulimwona msumbufu.

Jioni moja kijana wangu alipendekeza tumbebe mgonjwa, mama mmoja, tumpeleke kwa daktari ziwani. Nilisita. Nikamtazama dereva, naye akasema upesi, "Twende." Njiani nilikuwa nimepanga daraja lililochukuliwa na maji. Akachagua njia ya kuvukia, akarusha dadu. Ikatoka moja.

Hakuna aliyesema neno. Nilitaka kusema dadu imeteleza, rusha tena. Lakini nilimwona usoni. Aliitazama dadu kama mtu anayesikia hukumu aliyoisubiri.

"Mama mkubwa," aliniuliza, "mgonjwa akifa, ni kosa la dereva?"

Nikamwuliza, "Wewe waonaje?"

"Ni kosa lake," akasema. "Alisimama njiani."

"Alisimama wapi? Mbona hatukusimama?"

Ndipo yakatoka. Usiku ule hali ya mama yake ilipobadilika, alitumwa yeye kwenda kumwita jirani mwenye pikipiki. Hakwenda moja kwa moja. Giza na mvua vilimtisha, akasimama chini ya upenu wa nyumba fulani mpaka alipopata moyo wa kuendelea. "Nilisimama, mama mkubwa. Ningekimbia, mama angefika."

Mwaka mmoja na miezi mitano! Muda wote huo mtoto yule alilala na kuamka akiamini kuwa amemwua mama yake. Ndiyo sababu hakumgusa mdogo wake. Aliona hana haki.

Niliwatuma wengine jikoni, nikampakata. Sikumwambia "nyamaza, usiseme hivyo". Nilimweleza kama muuguzi anavyomweleza mtu mzima. Nilimwambia kuwa damu inayotoka vile baada ya kujifungua huhitaji dawa, mikono ya wataalamu, na pengine damu ya kuongezwa, na kwamba inaweza kuondoa uhai kwa saa chache tu. Nilimwambia kuwa mama yake alikuwa mbali na vitu hivyo vyote, na kuvifikia ilikuwa mzigo wa watu wazima, si wa miguu ya mtoto wa miaka minane gizani. Kisha nikamwambia langu, ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba mimi nilijua mimba ile ilikuwa na hatari, nilimwambia mdogo wangu aje akae karibu na hospitali mapema, akasema atakuja baada ya mavuno, nami nikaacha kumsumbua. Kila usiku nilijiuliza kwa nini niliacha.

Tulilia wote wawili. Alinifuta machozi kwa kanga yangu.

Sasa mnaelewa kwa nini simcheki yule mama wa Marekani.

Siku mbili baadaye, mimi nikiwa nimeazimia kuficha dadu ile moja kwa moja, alinijia jikoni akasema, "Mama mkubwa, tuendelee pale tulipoishia." Niliogopa, lakini nilikubali. Nikawauliza: daraja limekwenda na maji, mgonjwa wenu yu hoi, mtafanya nini? Wenzake walitaka akate mti, avuke, apone. Dereva akasema, "Hapana. Yule mama amefariki. Lakini alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto yu hai. Tumrudishe nyumbani." Tukarudi naye milimani, hatua kwa hatua, na safari ile dereva alikubali kusimama kila mahali: kula, kunywa maji, kumsaidia yule mama wa ngoro.

Sitaki kuwadanganya kuwa mchezo ulimponya. Aliendelea kukojoa kitandani kwa miezi kadhaa. Mchungaji wetu alizungumza naye mara nyingi, na mwalimu wake alitusaidia. Lakini jumapili iliyofuata alikwenda kwa bibi yake, na tulimwona akirudi na mdogo wake mgongoni, amemfunga vibaya, kichwa cha mtoto kikining'inia! Nilikimbia kumfunga vizuri.

Kama ungependa kuanza

Kwa mama atakayependa kujaribu, haya ndiyo niliyojifunza:

1. Anza na muda mfupi. Nusu saa baada ya chakula yatosha. Afadhali nusu saa kila juma kuliko saa tatu mara moja kwa mwaka.

2. Tumia mahali mnapopajua: mlima wenu, mto wenu, soko lenu. Mtoto hufikiri vizuri juu ya vitu alivyoviona.

3. Uliza, usiamuru. Neno kuu la msimulizi ni "Mtafanya nini?" Ukiona unawapa majibu, umerudi kuwa mama wa amri.

4. Usiweke fedha wala zawadi juu ya dadu, hata pipi.

5. Adui asifanane na mtu yeyote wa kijijini.

6. Asiyetaka kucheza asilazimishwe. Na ukiona mtoto ameguswa sana, simamisha hadithi, umsikilize mtoto. Hadithi itangoja.

7. Mkaribishe baba. Mume wangu alidharau mwanzoni. Sasa ndiye mvuvi wa usipa, na hakuna mkaidi kama yeye.

8. Mtoto aliyefiwa akirudia kukojoa kitandani, akinyamaza, akishindwa kulala, au akijilaumu, usimwite mkaidi. Mfikishe kituo cha afya, na utafute mtu mzima anayemwamini. Watoto wa umri ule hudhani kwamba kila baya linalotokea limetokana na wao. Wengine hawatasema mpaka waulizwe, na wengine hawatasema kwa jina lao wenyewe.

Mama mwenzangu, najua umechoka. Nami nimechoka, na kesho nina zamu ya asubuhi. Lakini leo jioni kuna watu mkekani wanaoningoja: mfanyabiashara wa kahawa, askari mwenye kuogopa vyura, na dereva, ambaye siku hizi amejaza ile nafasi aliyoiacha wazi. Ameandika kwa penseli: "Kusimama gizani." Chini yake, kwa mwandiko mwingine, wenzake wameongeza: "Tutasimama naye."